Semina ya wiki moja, cheti cha malezi au mwalimu wa diploma: kituo kidogo cha watoto kianzie wapi?

Swali: "Ninaendesha kituo cha kulelea watoto wadogo mchana katika mtaa mmoja wa Manispaa ya Morogoro. Nina watoto 46, wa miaka miwili hadi mitano. Walezi ni watatu: mmoja ana cheti cha malezi, wawili walimaliza kidato cha nne na kujifunzia kazi hapa hapa, na mmoja wa hao wawili ndiye anayepika. Namlipa kila mmoja shilingi 220,000. Ada ni 40,000 kwa mwezi pamoja na uji na chakula cha mchana, na kila mwezi familia kama nane hazilipi. Chakula kinanigharimu 600 kwa mtoto kwa siku, na pango ni 200,000. Wazazi wanataka watoto waandike na wazungumze Kiingereza, la sivyo wanawahamishia kwenye shule yenye basi. Afisa ustawi wa jamii aliniambia kwamba ubora wa kituo unategemea sifa za walezi. Nikiwapeleka chuoni mwaka mzima nitafunga. Nikiajiri mwalimu wa diploma ataondoka mara tu akipata ajira ya serikali. Je, semina ya wiki moja inatosha? Na je, kuna fedha yoyote ya serikali au ya wafadhili ninayoweza kuomba?"

Jibu: Dada, nashukuru kwamba umeweka hesabu zako wazi, kwa sababu ndizo zilizonisaidia kukuelewa. Unahofia kwamba walezi wako hawana sifa, kwamba huna fedha za kuwapatia sifa hizo, na kwamba wakati unahangaika na hayo mawili wazazi watakukimbia. Jibu langu ni hili: semina ya wiki moja haitoshi, cheti kinahitajika lakini hakipaswi kuwa hatua yako ya kwanza, na nyongeza ya kwanza ya fedha utakayoipata itumike kumtoa mlezi jikoni.

Kabla sijaeleza sababu, tuweke sawa jambo moja la kisheria, maana vituo vingi huumia kwa kulichanganya. Kituo chako kipo chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 na kanuni zake, na usajili na ukaguzi wake hupitia ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri. Elimu ya awali ni jambo jingine: ipo chini ya wizara ya elimu, ina mtaala wake na walimu waliosomea ualimu. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 1995 iliitaja kuwa ya miaka miwili, lakini sera ya mwaka 2014 iliifanya kuwa ya lazima kwa muda usiopungua mwaka mmoja, na kwa kawaida wanaoandikishwa ni watoto wa miaka mitano. Kwa hiyo mtoto wako wa miaka miwili, mitatu au minne kwa kawaida hayumo katika elimu ya awali, na hakuna mtaala wa taifa unaomdai aandike herufi. Afisa aliyekutembelea hakukutaka ugeuke shule. Alizungumzia sifa za mlezi, na hizo ni tofauti na sifa za mwalimu wa darasa, ingawa zinakaribiana.

Sasa tuangalie ubora wenyewe, kwa sababu neno hili hutajwa sana bila kuelezwa. Kinachomjenga mtoto mdogo ni kile ambacho wataalamu wetu wamekiita malezi yenye mwitikio. Mtoto hutoa ishara, iwe neno, kilio au kidole kinachoonesha mjusi ukutani. Mtu mzima huipokea, huijibu, huongeza jambo dogo, kisha humsubiri mtoto naye ajibu. Marudio ya namna hiyo, yakiwa mengi kila siku na yakitoka kwa mtu yuleyule anayefahamika, ndiyo yanayoimarisha miunganiko ya ubongo inayobeba lugha, kumbukumbu na uwezo wa mtoto kujizuia anapokasirika. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani, UNICEF na Benki ya Dunia waliyaweka malezi hayo pamoja na afya, lishe, ujifunzaji wa awali na ulinzi kuwa nguzo tano za makuzi ya mtoto, na nguzo hizo hizo ndizo msingi wa Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa hapa Tanzania Desemba 2021.

Hebu uhesabu upya walezi wako kwa jicho hilo. Kwa karatasi una watoto 15 kwa kila mlezi. Lakini mmoja anapika, na anapika kuanzia uji wa asubuhi hadi chakula cha mchana, yaani saa zile ambazo watoto wako macho na wana hamu ya kila kitu. Saa hizo una walezi wawili kwa watoto 46, kila mmoja na watoto 23. Kiwango cha taifa kwa darasa la awali ni watoto 25 kwa mwalimu, lakini hao ni watoto wa miaka mitano wanaojifunga vifungo na kwenda chooni wenyewe. Kwa watoto wa miaka miwili mimi hushauri mlezi mmoja asizidishe watoto wanane, na hata hao ni wengi.

Mtu mzima mwenye watoto 23 wa umri mchanganyiko atawatawala kwa amri, hata awe na diploma: kaeni, nyamazeni, pangeni mstari, semeni baada yangu. Kule kukariri kwa sauti moja ambako wazazi hukusikia kutoka barabarani na kukuona ni dalili ya masomo mazuri mara nyingi ni njia ya mlezi aliyezidiwa kuushika umati usimponyoke. Simlaumu. Ninachosema ni kwamba mafunzo ya kumfundisha kumsikiliza mtoto mmoja mmoja hayatafanya kazi mahali ambapo hawezi kumfikia mtoto mmoja mmoja, na fedha utakayoyalipia itakuwa imepotea.

Kuhusu kuandika, mweleze mzazi jambo lenyewe lilivyo. Mifupa ya kiganja na misuli midogo ya vidole vya mtoto wa miaka mitatu bado haijakomaa kushika penseli kwa muda mrefu, na mtoto anayelazimishwa huishika kwa ngumi na kuichukia kazi hiyo. Kufinyanga udongo, kutunga shanga kubwa, kuchambua maharage na kupanga vifuniko vya chupa kwa rangi ndiyo maandalizi halisi ya kuandika, kama vile kuhesabu vikombe vya uji kulivyo maandalizi ya hisabati. Na Kiingereza? Nyimbo na maamkizi hayana ubaya wowote. Tatizo huanza pale mlezi asiyekimudu anapoagizwa asitumie Kiswahili siku nzima, kwa sababu hupunguza maneno yake hadi yale machache anayoyajua, na mtoto hukosa maelezo, hadithi, vitendawili na maswali katika umri ule ule ambao lugha yake ingekua kwa kasi.

Semina ya wiki moja hukosea wapi? Inampa mlezi maneno mapya na shauku, kisha inamrudisha peke yake katika chumba kilekile chenye idadi ileile. Kazi hii hujifunzwa mikononi, kwa kuonwa ukiifanya na kurekebishwa na mtu unayemwamini. Mfano ninaouheshimu kuliko yote umetoka pwani yetu. Katika miaka ya 1980 mpango wa shule za awali za madrasa, uliosaidiwa na Wakfu wa Aga Khan, ulianza Mombasa chini ya Bi Swafiya Said, kisha ukaenea Zanzibar na Uganda. Walimu wake walikuwa wanawake waliochaguliwa na jamii zao wenyewe, na wengi hawakuwa wamesomea ualimu popote. Walipewa mafunzo ya awali, lakini nguvu ya mpango ilikuwa katika yaliyofuata: mkufunzi alikuja darasani, akakaa na mwalimu, akamwonesha, akaondoka na kurudi tena, kwa muda mrefu. Watafiti waliofuatilia watoto katika maeneo hayo matatu walikuta kwamba waliosoma katika shule hizo walipiga hatua kubwa zaidi katika uwezo wa kufikiri kuliko waliokaa nyumbani, na pia kuliko waliosoma shule nyingine za awali. Kenya ilipojaribu mradi wa Tayari kuanzia mwaka 2014 katika kaunti za Laikipia, Nairobi, Siaya na Uasin Gishu, nao uliunganisha mafunzo mafupi yanayorudiwa, vitabu na zana, na ziara za kumsaidia mwalimu darasani, na utayari wa watoto kuanza shule ulipanda.

Unaweza kuiga sehemu kubwa ya hayo bila mfadhili. Mlezi wako mwenye cheti mpe jukumu la kuwa mshauri wa wenzake, na umwongezee kitu kidogo kwenye mshahara kwa ajili hiyo. Mara moja kwa wiki akae nusu saa katika kundi la mwenzake, akiangalia jambo moja tu mlilokubaliana, kwa mfano mlezi anasubiri kwa muda gani baada ya kuuliza swali kabla hajajijibu mwenyewe, au ni watoto gani ambao hawakusemeshwa na mtu yeyote asubuhi nzima. Watoto wakilala mchana, wazungumze kwa dakika ishirini. Hilo la watoto wasiosemeshwa hushtua kila ninapolipendekeza, kwa sababu karibu kila kundi huwa na mtoto mpole ambaye kila mtu alidhani mwenzake amezungumza naye. Pia nenda kwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi iliyo karibu, umwombe walezi wako wahudhurie vikao vya MEWAKA, yaani mafunzo endelevu ya walimu kazini, hasa vile vya walimu wa darasa la awali. Vikao hivyo vipo kwa ajili ya walimu wa serikali na hana wajibu wa kukukubalia, lakini walimu wengi wa awali hufurahi kufahamiana na walezi ambao watoto wao watawapokea mwakani.

Baada ya hapo ndipo cheti kina nafasi yake, na sitaki unielewe kwamba ni karatasi tu. Cheti humfundisha mlezi hatua za makuzi, huduma ya kwanza, dalili za ulemavu na za unyanyasaji, mambo ambayo hayajifunzwi kwa kuangalia tu, na tena humpa mlezi mwenyewe njia ya kupanda. Usiwapeleke wote kwa pamoja. Mpeleke mmoja, yule ambaye amekaa nawe muda mrefu zaidi, na utafute chuo kinachotoa masomo ya jioni au ya vipindi vya likizo. Kabla hujalipa hata shilingi, hakikisha chuo kimesajiliwa na NACTVET, baraza la taifa linalosimamia vyuo vya ufundi, na kwamba kozi yenyewe imeidhinishwa, kwa maana chuo chaweza kuwa halali na kozi isiwe. Unaweza kuandikiana naye kwamba kituo kitalipa nusu ya ada na yeye atabaki kwa muda fulani baada ya kuhitimu. Hati hiyo mwoneshe Afisa Kazi kwanza. Hata hivyo makubaliano ya namna hii hushika pale tu ambapo mshahara nao unapanda mtu akihitimu.

Mwalimu wa diploma ni kweli ataondoka. Ajira ya serikali ina mshahara mkubwa zaidi, bima na pensheni, na mtu mwenye familia hawezi kulaumiwa kwa kuvifuata. Ukimpata, mwajiri ukijua hivyo, na umtumie kuwafundisha wale watakaobaki.

Tuje kwenye fedha, na hapa nitakwenda taratibu. Familia 38 zikilipa, unapokea 1,520,000. Chakula cha watoto 46 kwa siku 22 ni 607,200, mishahara ni 660,000, na pango 200,000. Jumla ni 1,467,200, nawe unabakiwa na 52,800, kabla ya maji, sabuni, ukarabati na mshahara wako mwenyewe, ambao sikuuona popote katika barua yako. Sikuona pia mchango wa NSSF. Kwa mishahara hiyo, sehemu ya mwajiri ya asilimia 10 ni 66,000, na ukiilipa unakuwa chini kwa 13,200. Kwa maneno mengine, kituo chako tayari kinaendeshwa kwa ruzuku, na mtoa ruzuku ni wewe. Hakikisha pia kwamba mishahara unayolipa haipungui kima cha chini kilichomo katika amri ya mshahara inayotumika sasa kwa sekta yako. Hilo Afisa Kazi atakuambia bila malipo.

Ukiajiri mpishi kwa mshahara uleule pamoja na mchango wake, unaongeza 242,000, na mahitaji yako ya mwezi yanafika 1,775,200. Kwa familia 38 zinazolipa, ada ingebidi iwe 47,000, na ungebakiwa na 10,800. Lakini angalia upande wa pili: katika zile familia nane, bila shaka zipo ambazo hazikosi fedha, zinakosa fedha ya mwezi kwa mkupuo. Mama lishe na dereva wa bodaboda hupata kipato cha siku. Ukiwaruhusu walipe kwa wiki, na nusu yao wakaweza, utakuwa na familia 42. Kwa ada ya 45,000 utapokea 1,890,000 na kubakiwa na 114,800. Kiasi hicho kinaweza kulipia ushauri wa mlezi mwenye cheti na kuanza kuweka akiba ya ada ya chuo ya mwenzake. Si fedha nyingi, na mwezi mmoja mbaya waweza kuimaliza, lakini ni fedha isiyokoma mradi unapofungwa.

Ruzuku ya serikali ya kulipa mishahara ya walezi katika vituo binafsi haipo. Elimu bila malipo iliyoanza mwaka 2016 inaanzia darasa la awali, tena katika shule za umma. Mimi naliona hilo kuwa pengo kubwa la kisera, kwa sababu miaka ambayo mtoto anahitaji uangalizi wa karibu zaidi ndiyo ambayo mzazi ameachiwa gharama yote. Nchi zilizokutana Tashkent Novemba 2022, katika mkutano wa UNESCO kuhusu malezi na elimu ya watoto wadogo, zilikubaliana kulenga angalau asilimia 10 ya matumizi ya elimu iende kwenye elimu ya awali, na hata lengo hilo halimgusi mtoto wako wa miaka miwili.

Kilichopo karibu nawe ni mikopo isiyo na riba inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: asilimia 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Ilisitishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024. Huombwa na kikundi, hivyo ungehitaji kuungana na wanawake wengine, pengine wenye vituo kama chako. Ukiupata, utumie kwa kitu kinachobaki, kama uzio, vyoo vya watoto, jiko au magodoro. Usilipie mishahara kwa mkopo hata mwezi mmoja. Wafadhili nao hupenda kutoa zana na semina kuliko mishahara. Pokea zana kwa shukrani, na ukipewa semina uliza kwanza ni nani atakayerudi kuwaangalia walezi wako wakiwa kazini.

Wazazi wako usiwaache nje ya haya, ila uwe mwangalifu namna unavyowaendea. Nchini Malawi, utafiti katika vituo vya kijamii ulikuta kwamba mafunzo ya walezi peke yake hayakuonekana kuwabadilisha watoto, lakini yalipoambatana na elimu ya malezi kwa wazazi, watoto walipata nafuu katika lugha na mahusiano, ingawa nafuu hiyo ilififia baadaye. Nchini Ghana, katika shule za mkoa wa Greater Accra, ilitokea kinyume: mafunzo na ushauri kwa walimu viliwasaidia watoto, na nafuu ikapungua pale mikutano ya kuwahamasisha wazazi ilipoongezwa. Ninachokichukua kutoka katika matokeo haya mawili ni kwamba mzazi anayehubiriwa mkutanini juu ya umuhimu wa michezo aweza kuondoka na shaka zaidi kuliko alivyokuja. Mwalike aje asubuhi moja, akae chini na mtoto wake kwenye kona ya maduka, pale watoto wanapocheza kuuza na kununua, amwone akihesabu vifuniko na kubishana na mwenzake juu ya bei ya nyanya. Atauliza maswali yake mwenyewe, nawe utapata nafasi ya kumweleza kuhusu penseli.

Yapo mambo ambayo barua kama hii haiwezi kuyashughulikia. Mtoto wa miaka miwili asiyeunganisha maneno mawili, asiyegeuka akiitwa, au aliyekuwa anazungumza akaacha, mzazi wake ampeleke kituo cha afya, na wewe usisubiri akue. Mtoto mwenye alama za kupigwa au anayeogopa kwenda nyumbani, mjulishe ofisa ustawi wa jamii au dawati la jinsia na watoto la polisi siku hiyo hiyo. Namba ya simu ya huduma kwa mtoto ni 116. Na kabla hujaongeza ada wala kuajiri mpishi, mwombe yule afisa arudi akague idadi ya watoto dhidi ya ukubwa wa vyumba vyako. Kama baadhi ya hao 46 wametimiza miaka mitano, zungumza na wazazi wao mapema kuhusu kuwaandikisha darasa la awali Januari ijayo. Utapoteza ada zao na hesabu niliyokupigia itabidi uirudie upya, lakini nafasi zao usizijaze zote.